RAM ilisimama, makuta yetu haikurudi

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Butembo na Beni, ku Rughenda

Aksanti kwa kuacha kazi zenu na kukuja hapa Rughenda. Najua wamoja wametoka mpaka Beni, na ile barabara munaijua kuliko mimi.

Nianze na ulizo. Nani hapa alikatwa RAM ku telefone yake? Nyanyueni mikono. Sawa, musishushe. Ulizo la pili: nani alirudishiwa hata franga moja? Mwenye alirudishiwa, abaki na mukono juu.

Munaona? Mikono yote imeshuka. Njo mambo yenye imetuleta hapa.

Kwa wadogo wenye hawakukuwa na telefone wakati ule, niwakumbushe. RAM ni Registre des Appareils Mobiles, ni kusema daftari ya kuandika telefone zote za inchi. Ilianza mu mwezi wa 9 wa mwaka 2020. Mwenye telefone kidogo ya 2G, dola 1 kwa mwaka. Mwenye telefone ya 3G na kupanda, dola 7 kwa mwaka, yenye ilikatwa mara 6. Kila mara, karibu dola 1 na senti 17. Hakuna mutu alikuja kukugongea mulango. Unaweka kredi, unageuka kuongea na mutu, ukirudia kuangalia, kredi imepunguka.

Tulipouliza, serikali ilijibu nini? Ilisema: «Hii si kodi, ni malipo ya huduma.» Huduma ya kulinda telefone yako, kuzuia telefone za bandia, kusaidia ile yenye imeibiwa. Sawa. Tuchukue neno lao vile walilisema. Kama ni malipo ya huduma, basi ni mukataba. Mukataba uko na pande mbili: mwenye kutoa huduma na mwenye kuiomba. Nani kati yetu aliomba? Nani alisaini? Na nani aliibiwa telefone ku soko, kisha RAM ikamurudishia?

Na kama ilikuwa kodi, hapo tena haisimame. Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. RAM ilitoka mu maandiko ya serikali, haikupigiwa kura mu Bunge kama sheria. Kwa hiyo uipime upande huu, uipime upande ule, miguu yake ni mifupi.

Watu walipiga kelele. Mu mwezi wa 10 wa 2021, waziri aliulizwa juu yake mu Bunge. Mwanzo wa mwaka 2022, RAM ikafutwa. Sisi wote tulifurahi. Lakini niseme ukweli, na mimi niko ndani ya lile kosa: tulifurahi, kisha tukaenda kulala. Tuliomba isimame, ikasimama. Kudai irudi, tulipasa kushikilia tu hivyo, na hatukushikilia.

Mwizi akikamatwa ku njia na kuku yako, haumwambie tu «usirudilie.» Unamwambia «leta kuku.»

Sasa, juu ya nini hatukudai? Si kwamba sisi ni wajinga. Ni hesabu. Tufanye hesabu pamoja.

Mutu moja alikatwa dola 7. Akitaka kwenda ku tribinali peke yake, analipa karatasi, analipa avoka, analipa moto ya kwenda na kurudi, anapoteza siku za kazi. Kabla muamuzi hajafungua kinywa, ameshamaliza dola 50. Nani atatumia dola 50 juu ya dola 7? Hakuna. Hata mimi, hapana. Na mwenye kukata anajua ile hesabu vizuri kuliko sisi. Angalia upande wake: watu 100, dola 700. Watu elfu 10, dola elfu 70. Ku upande wetu ni makombo. Ku upande wake ni nyumba ya etaje.

Hii haikuishia ku RAM. Mwaka nilipomaliza masomo, nilinunua forfe ya mwezi muzima ili nitume kazi yangu ya mwisho kwa profesa. Siku ya pili rezo ikapotea. Ikapotea siku 4. Iliporudi, forfe iliendelea kuhesabu siku kama vile hakuna kitu kilifanyika. Nikapiga telefone ku kampuni. Dada moja, kwa heshima yote, akaniambia: «Papa, ni kondisio za mukataba.» Nikauliza huo mukataba uko wapi. Akasema ulikubali siku ulinunua SIM. Ku soko hapa, mama moja muuza mboga alikatwa kredi kila siku juu ya meseji za matokeo ya mupira wa Ulaya. Mama wa watu haangaliage hata mupira wa hapa kwetu. Ni mutoto wake alifinya kitufe moja, basi, mukataba umefungwa.

Kila moja ya ile mikataba ni kidogo. Kila moja inatafuna kidogo. Na kila moja inategemea kitu kimoja: kwamba mutu atabaki peke yake.

Sasa niwaambie ginsi wengine walivunja ile hesabu.

Kule Marekani kuna kesi yenye watu wengi wanafungua kama mutu moja. Mutu moja ao wawili wanasimama mbele, lakini wanasimama kwa jina la kila mutu mwenye alipatwa na jambo lile lile. Hamuhitaji wote kwenda. Hamuhitaji wote kulipa avoka. Madeni madogo elfu mia moja yanawekwa mu kikapu kimoja, na kile kikapu kinakuwa kizito sana, kampuni haiwezi tena kukikanyaga.

Mufano wa kwanza ni kampuni Apple. Watu walinunua telefone na tablete zake, kisha wakalipa tena makuta ya mukataba wa kutengenezewa, unaoitwa AppleCare. Mukataba ulisema: chombo chako kikiharibika, utapewa kingine kipya, ao chenye kiko sawa na kipya kwa nguvu na kwa uaminifu. Watu wakasema: «Mulitupatia vyombo vya zamani vyenye mulitengeneza upya, na haviko sawa na vipya.» Kesi ilifunguliwa mu 2016 kule California. Apple ilikataa kwamba ilikosa. Lakini mu 2021 ilikubali kulipa dola milioni 95 ili kesi iishe. Muone: neno moja mu mukataba, «sawa na kipya», mutu moja hawezi kuligombania. Watu wote pamoja walilibebesha milioni 95.

Mufano wa pili utawachekesha, halafu utawauma. Kampuni Office Depot ilikuwa na maduka ya kuuza vifaa vya biro. Unaleta kompyuta yako, wanakuambia wataipima bure kama iko na virusi. Mbele ya kupima, wanakuuliza maulizo 4: Inaenda polepole? Inazimika-zimika? Na mengine ya namna ile. Ukijibu ndiyo hata ku moja, mutumishi anatia alama ku programu. Kisha kompyuta inapimwa, na mwishoni programu inasema: imeonyesha dalili za ugonjwa! Lakini kupima hakukubadilisha kitu. Jibu lilikuwa limeshatoka ku ile alama. Kisha wanakuuzia matengenezo, na bei inaweza kupanda mpaka mamia ya dola. Nani hapa hajawahi kupeleka kompyuta ku fundi mwenye anajua ugonjwa mbele hajafungua? Sawasawa. Lakini pale, ofisi ya serikali yenye inalinda wanunuzi, FTC, iliingia. Mu 2019 Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na kampuni yenye ilitengeneza ile programu, Support.com, dola milioni 10. Na makuta haikubaki ku biro za Washington. Mu 2020 ile ofisi ilituma sheki kwa watu zaidi ya nusu milioni.

Hii mbili si namna moja, tusichanganye. Ya kwanza, watu wenyewe walifungua kesi. Ya pili, serikali iliingia kwa jina lao. Lakini mwisho wake unafanana: makuta ilirudi mu mikono ya mwenye alikatwa. Haikusimama tu. Ilirudi.

Sasa, nisiwadanganye. Mapatano ya namna ile si mana ya kutoka mbinguni. Kuna kesi ingine ya Apple, ya telefone za iPhone zenye zilipunguzwa mwendo juu ya betri. Apple ilikubali mu 2020 kulipa hata dola milioni 500. Mutu moja alipata ngapi? Karibu dola 92, na alizipata mu 2024. Miaka inne ya kungojea. Na mwenye hakujaza karatasi ya kudai mbele ya tarehe, hakupata kitu. Avoka nao wanachukua sehemu yao nzuri. Na kampuni mara nyingi inalipa bila kusema «tulikosa.» Inalipa, na wewe unasaini kwamba hautaishitaki tena juu ya jambo lile. Mapatano ni biashara: wao wananunua kimya, wewe unauza haki yako ya kuendelea. Basi lazima kujua unaiuza bei gani.

Hapa njo ninataka musikie vizuri, kwa sababu inatuhusu sisi, vijana wa kudai haki.

Kule, avoka na kampuni hawawezi kupatana mu chumba chao na kumaliza. Kuna masharti. Sharti la kwanza: kila mutu mwenye anahusika anajulishwa, kwa barua ao kwa ginsi ingine. Sharti la pili: mwenye hataki yale mapatano anaweza kutoka ndani yake na kushika kesi yake mwenyewe, ao kubaki ndani na kuandikia muamuzi kwamba anayapinga. Sharti la tatu: muamuzi anasoma yote, na akiona bei ni ndogo ao avoka wanajipendelea, anaweza kukataa.

Sasa mutazame hapa kwetu. Ni mara ngapi tumesikia: vijana walienda kudai, mukubwa wao akaitwa ku ofisi, akatoka akiwa ameshiba, na kesho yake kelele zikakufa? Hatutaji jina la mutu. Lakini kila mutu ku muji huu anajua ile hadisi, na njo maana mama ku soko anatuangalia na kusema: «Benyewe balishakula.» Mapatano ya watu elfu hayafanywi na watu wawili. Siku tutadai kwa jina la wengine, masharti yale matatu ni yetu pia: watu wajulishwe, watu waweze kukataa, na mutu wa inje aangalie karatasi. Bila hiyo, tutakuwa RAM ya pili.

Hatuna lazima ya kwenda mbali mpaka Marekani. Kenya hapa, wakili moja wa Nairobi alishitaki Safaricom mbele ya tribinali ya mambo ya mawasiliano. Alisema: megabaiti nilizozilipa ni zangu, sababu gani zinakufa tarehe ikifika? Mu mwezi wa 10 wa 2019, wakati ile kesi ilikuwa wazi, Safaricom ikaanza kuuza forfe zenye hazina mwisho. Mutu moja aligusa sharti la mukataba, na mamilioni wakapata njia ingine ya kununua. Haikuwa makuta mu mukono, lakini mukataba ulibadilika. Na sisi hapa, megabaiti zetu zingali zinakufa saa sita ya usiku.

Mutaniuliza: na sheria yetu?

Sheria yetu ya mikataba ni ya tarehe 30 mwezi wa 7, mwaka 1888. Muhesabu. Iliandikwa wakati inchi hii ilikuwa mali ya mufalme Leopold, na tungali nayo. Iko na maneno mazuri: kifungu cha 33 kinasema mukataba ni sheria kwa wenye waliufanya, na lazima utimizwe kwa moyo safi. Kifungu cha 258 kinasema mwenye kuharibia mwenzake lazima alipe. Lakini inaona mutu moja na mutu moja. Haikuwaza kampuni moja na watu milioni. Wabelgiji nao walikuwa na shida ile ile. Walifanya nini? Mu 2014 waliweka sheria ya kudai malipo kwa pamoja. Wafaransa nao, mwaka ule ule. Wale wenye walituletea sheria ya 1888 wameshaongeza chumba ku nyumba yao. Sisi tungali tunalala mu sebule.

Basi la kwanza tunadai ni hili: depite wetu wa Butembo na Beni walete mu Bunge sheria ya kesi ya pamoja kwa wanunuzi. Wanakuja kutuomba kura na forfe za telefone mu mukono. Safari hii wakuje na karatasi.

Najua kuna mwenye anawaza ndani ya moyo wake: «Watu wanauawa ku Beni tangu 2014, na huyu anatuongelea megabaiti.» Ndugu, dada, sikukatazi kuwaza hivyo. Mimi pia nimezika watu. Lakini jiulize: usiku, kijiji kikishambuliwa, kinaita na nini? Na telefone. Familia yenye imekimbia inapata musaada ku nini? Ku telefone. Ndugu yako wa ku shamba ukitaka kujua kama angali muzima, unapiga. Kredi yenye inakatwa bila kuomba inaweza kuwa ile ya kupigia. Kwetu, kredi si mchezo. Ni sehemu ya usalama.

Kwa hiyo, mbele sheria ile ikuje, tuanze na chenye kiko mu mikono yetu. Vitu vitano.

Moja. Shika ushuhuda. Ukikatwa kredi bila kuomba, piga picha ya skrini siku ile ile. Andika tarehe, saa, kiasi, na namba ya huduma yenye ilikata. Usifute meseji. Watu wa kule walishinda kwa sababu ya makaratasi, haikukuwa kwa kelele.

Mbili. Tuweke pamoja. Kila kartie, kijana moja na daftari moja. Mama ku soko hawezi kupiga picha ya skrini? Musaidie. Munajua likelemba: kila mutu kidogo, na jumla inajenga nyumba. Hii ni likelemba ya ushuhuda.

Tatu. Barua moja. Si barua mia zenye kugombana. Barua moja kwa kampuni, na majina na kiasi, na nakala yenye imepigwa muhuri ya kupokelewa. Wasipojibu, barua ile ile iende ku ARPTC, ofisi yenye inasimamia kampuni za telefone tangu 2002. Kazi yake ndiyo hiyo.

Inne. Petisio. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mukongomani ana haki ya kuandikia wakubwa, peke yake ao pamoja na wengine, na wakubwa wanapasa kujibu mu miezi 3. Miezi 3, imeandikwa. Tangu mwezi wa 5 wa 2021 tuko chini ya hali ya dharura, na kutembea mu barabara ni kutafuta fimbo. Lakini kusaini, unasaini ukikaa.

Tano. Wakikataa yote, avoka. Hata bila sheria mupya, watu wengi wanaweza kuandika majina yao ku kesi moja, kila moja na jina lake. Ni kazi nzito kuliko ile ya Marekani, lakini bei ya avoka ikigawanywa na watu 200, munaona hesabu inageuka upande wetu.

Na ku barua, ku petisio, ku kesi, tuandike maneno mawili kila mara. La kwanza: ISIMAME. La pili, lenye tulisahau mu 2022: IRUDI.

Nimalize na RAM, kwa sababu nilianza nayo. Wamoja watasema imepita, makuta imekwisha kuliwa. Pengine. Lakini kama tunakubali kwamba kitu kikikatwa bila haki kinaweza kusimama tu bila kurudi, basi tumewafundisha wenye kukata somo hili: kata haraka, wakipiga kelele, simama, na ubaki na chenye umeshapata. Watarudilia. Kwa jina lingine, ku huduma ingine, ku kampuni ingine. Siku ile nitauliza tena mikono juu, na sitaki ishuke kama leo.

Madaftari iko kule nyuma, na bike. Mbele ya kutoka, kila mutu aandike jambo moja: siku gani, kiasi gani, huduma gani. Usiandike «waliniibia sana.» Andika kiasi.